Kosa la "Because"

Fundi wa kiwanda cha mikate, ambaye wenzake walimwita Mama Spana, alikuwa akijipangusa grisi mikononi karani alipomletea barua aitie sahihi. Ilikuwa ya Kiingereza, ya kwenda kwa watengenezaji wa mashine ya kukandia unga, ambayo Jumatatu ilizima ghafla ikiwa imejaa kinyunga hadi shingoni.

Aliisoma taratibu. Mstari wa tatu ukamsimamisha: "The machine stopped because our technician opened the cover."

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi," karani akajibu. "Si ndivyo ulivyonieleza?"

"Nilikueleza nilifungua kifuniko kwa sababu mashine ilisimama. Wewe umeandika mashine ilisimama kwa sababu nilifungua kifuniko. Umenibebesha kosa mchana kweupe!"

Karani akacheka. Yeye alikuwa na stashahada. Huyu hata shule hakumaliza. "Maneno ni yale yale, mama."

"Mbwa kumng'ata mtu na mtu kumng'ata mbwa, maneno pia ni yale yale."

Meneja aliyekuwa anapita akasimama kusikiliza. Mama Spana hakutetereka. Kiingereza chake alikipata kwenye vitabu vya mashine, miaka ishirini, kamusi pembeni. Humo, anayechanganya "until" na "unless", yaani mpaka na isipokuwa, hasahihishwi kwa wino mwekundu, anapoteza kidole. Akaomba kalamu.

"'Because' hukaa mbele ya chanzo," alisema, huku akiandika: "Our technician opened the cover because the machine had stopped." Kisha akashuka mstari mmoja. "Na hapa: 'Although the light was green, but the motor was hot.' Toa 'but'."

"Ingawa bila lakini?" karani akabisha.

"Kwetu hutembea pamoja kama mtu na mdogo wake. Kwa Kiingereza mmoja akishaingia, mwingine anabaki nje. Na hii, 'Because it is new', umeifunga kwa nukta ikiwa peke yake. Kwa sababu ni mpya, halafu? Mtu anasubiri! Iunganishe na sentensi iliyotangulia."

Karani alimtazama meneja, akitafuta wa kumtetea. Hakumpata.

"Ichapwe upya," meneja akasema. "Kama alivyosema fundi."

Wiki mbili baadaye jibu likaja: gia ilitoka kwao ikiwa na ufa, nyingine iko njiani, na wanaomba radhi. Mama Spana alilisoma mara mbili, akalikunja, akarudi kwenye mota aliyokuwa ameifungua. Hakuwa na haja ya kujitangaza. Kiwanda kizima kilishajua.

Mchana ule karani akaja karakanani mwenyewe, karatasi mkononi, kicheko amekiacha ofisini.

"Mama, hebu nitazamie hii kabla meneja hajaiona."

Mama Spana akamsogezea kigoda kwa mguu, maana mikono ilikuwa na grisi.

"Kaa. Nisomee kwa sauti, na usikimbie."