Siku Mipira Ilipogoma Kupigwa na Kombora

Katika Bweni la Pili la Shule ya Sekondari Mlingeni tunalala wanafunzi arobaini na wawili, na kati ya hao wote asiye na wivu ni mmoja tu, naye ni mimi, Mbonea. Nalisema mapema ili nitakaposimulia nilichokiota usiku wa jana asitokee mtu wa kunitazama kwa jicho la pembeni. Niliota kama mtazamaji. Sikutia mkono.

Ndoto yenyewe ilimhusu Eliamani Mrutu. Hapa shuleni ukimwita Eliamani hageuki, anageukia Kombora. Ni mpigaji wa nne wa timu yetu ya besiboli, na mpigaji wa nne, kwa wasiojua, ndiye bwana harusi. Watatu wanaotangulia kazi yao ni kujaza vituo, kisha anakuja yeye na rungu, anaupiga mpira mpaka kwenye mashamba ya mkonge, na wote wanakimbia kurudi nyumbani, yaani kituo walichoanzia, maana alama hupatikana kwa kurudi nyumbani. Mpira ukishazama kwenye mkonge, Kombora huvua kofia taratibu kama rais anayeshuka kwenye ndege. Anapiga kwa mkono wa kushoto, peke yake timu nzima, kwa hiyo hata kisanduku cha chokaa, ule mraba uliochorwa chini anamosimama kupiga, ni cha kwake mwenyewe, upande wa pili, na hilo nalo amelifanya cheo.

Mimi ni mchezaji wa kumi. Timu ya besiboli ina watu tisa.

Jumamosi tuna nusu fainali hapa hapa kwetu, na Kombora mechi tatu zilizopita, zote za uwanja huu, hajagusa kitu. Anazungusha rungu, upepo unavuma, mpira unapita, yeye anaishia kupepesuka kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Juu ya hayo kuna shule moja ya Dar es Salaam iliyomwandikia barua ahamie kwao, na inataka jibu kabla ya Jumamosi hiyo hiyo. Akiondoka, mpigaji wa nne atakuwa mwingine. Sijasema nani.

Basi, katika ndoto niko uwanjani, jua la saa tisa, ila uwanja umo ndani ya bwalo la chakula. Watazamaji wako kwenye mabenchi wanakula ugali na maharage. Kombora anasimama kwenye kisanduku chake, miwani ya jua usoni, anatafuna kitu ambacho najua fika hakimo mdomoni.

Mrushaji haonekani. Kwenye kichuguu anaporushia mpira kuna kiti, na juu ya kiti amekaa mpira. Amekunja nne. Mpira hana miguu, lakini alikuwa amekunja nne.

"Leo hatupigwi," anasema mpira. "Tumekaa kikao. Hatuwezi kupigwa na mtu ambaye haijulikani ni wa timu gani."

Nyuma yake mipira mingine kumi na miwili inaitikia kwa vichwa. Mmoja aliyefumuka mshono akanyoosha mkono, nao sikuuona, akalalamika kwamba mwaka jana Kombora alimpiga mpaka kwenye mkonge, akalala huko siku tisa na hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Akataka kujua kama Dar es Salaam kuna mkonge. Kombora akasema hajui. Mpira akaandika kwenye daftari.

Mwamuzi ni ile ringi ya lori inayoning'inia kwenye mkwaju, ambayo siku za kazi ndiyo kengele ya shule. Amevaa barakoa ya waya na anasema tufanye haraka, ana kipindi cha Kemia. Anasoma sheria. Mpigaji ataulizwa mara tatu, na akishindwa kujibu mara tatu, yuko nje.

"Unabaki au unaondoka?" anauliza Ringi.

Kombora akasafisha koo, akainua kidevu kana kwamba kuna kamera. "Tumejipanga vizuri," akasema.

Ringi akajigonga mwenyewe, ngwaa. Moja. Jina la Kombora likashuka kutoka mgongoni mwa jezi, herufi moja moja, zikajipanga kama siafu na kwenda kuomba ugali dirishani.

Akaulizwa tena. Akasema wapinzani ni wazuri lakini anaheshimu kila timu. Ngwaa. Mbili. Kivuli chake kikajivua chenyewe, kikajikunja kama shuka na kwenda kujiweka stoo. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana, maana hata bila kivuli alikuwa bado anatafuna.

Mara ya tatu akasema mengine tunamwachia Mungu.

Ringi akajigonga kwa nguvu mpaka maharage yakaruka kwenye sahani. Nje ni nje. Ukuta wa bwalo ukafunguka, Kombora akatolewa nje ya uwanja, nje ya shule, nje ya kata. Nikamfuata. Mtazamaji lazima aone.

Tukatokea milimani kwao, kwenye shamba la tangawizi la mama yake. Mama alikuwa ameinama anachimba, na hakuinua kichwa. Nyuma yake, kwenye mgomba, kuna ubao wa matokeo, na tulipokanyaga tu shamba ukasogea kutoka sifuri kwenda moja, kwa sababu mtu amerudi nyumbani.

Tukamwamkia. Akaitika marahaba na kuuliza ni akina nani. Kombora akafungua mdomo na hakuna kilichotoka, jina liko bwaloni linakula. Ikabidi nimsaidie, nikasema huyu ni Kombora.

"Simjui," akasema mama.

Nikasema ni Eliamani.

"Huyo namjua. Amekula?"

Hapo likatokea jambo ambalo sijapata kuliona nikiwa macho. Kombora akavua miwani. Macho yake ni mekundu, madogo, ya mtu ambaye hajalala wiki nzima. Akaketi juu ya rundo la tangawizi, na rungu lake, ambalo ni la mninga na limechongwa na fundi wa hapa mjini, likaketi pembeni na kumpigapiga mgongoni polepole. Rungu likamwambia mama kwamba siku hizi kijana anakuja stoo asubuhi, analikumbatia na kulia, na chumvi inaharibu mbao.

"Mama, mguu unateleza," akasema Kombora. "Nikisimama pale na kuzungusha, mguu unaondoka. Sijui ni mguu au ni mimi. Nikisema, watasema natafuta sababu. Wale wa Dar es Salaam wanasema kwao hakuna kuteleza."

Nikaona huo ni wakati mzuri wa kuamka. Nikajifinya. Aliyelia ni tangawizi.

Mama akaacha jembe. "Pale unaposimama anapasawazisha nani?"

Niwaeleze kidogo. Besiboli ililetwa Mlingeni na Mwalimu Kenta, Mjapani aliyetufundisha Hisabati kwa miaka miwili. Aliporudi kwao alituachia glavu kumi, ndoo ya mipira na sharti moja. Mchezo ukiisha, hakuna kuondoka kabla uwanja haujapigwa reki, na kila mchezaji anasawazisha mahali pa mwenzake. Ukisawazisha pako mwenyewe unarudia. Alisema hivyo ndivyo timu inavyojulikana, kwamba mguu wako uko mikononi mwa mtu mwingine. Sote tunalishika sharti hilo mpaka leo, hata Kombora na majivuno yake, ambaye ndiye anayenisawazishia mimi. Mchezaji wa kumi hana mahali uwanjani, kwa hiyo ananipigia reki chini ya benchi.

Na kisanduku cha Kombora ni changu.

Nilikuwa najiandaa kumwambia mama kwamba swali hilo ni pana, lakini reki ikawa imefika. Imepanda mlima peke yake, inahema, meno kumi na manne na pengo moja.

"Mimi nilikuwepo," ikasema.

Ikasimulia bila haraka, kama karani. Ikasema wiki tatu zilizopita nilianza kuigeuza, nikawa nakwangua udongo kwa mgongo wake pale hasa Kombora anapokita mguu, mpaka pakawa na shimo la ukubwa wa sahani ya ugali. Kisha nikajaza vumbi laini juu, nikapiga chokaa pembeni. "Chokaa anapiga vizuri," ikasema reki. "Hilo nampa."

Nikamwambia mama kwamba reki hii ina chuki binafsi. Nikaongeza kwamba ni mali ya serikali na haitakiwi kuzungumza nje ya saa za kazi. Mama alinitazama tu, na kutazamwa na mama wa mtu ni kitu kibaya kuliko kuchapwa.

Kwenye kila jani la tangawizi sasa kuna mpira mmoja amekunja nne. Ringi anashuka kutoka kwenye mgomba, bado na barakoa yake.

"Unabaki au unaondoka?" ananiuliza mimi.

"Tumejipanga vizuri," nikasema.

Ngwaa. Sikungoja mbili zilizobaki. Nilisema nakubali, shimo ni langu, na kama kuna adhabu tuipate upesi kwa sababu Ringi ana Kemia. Adhabu ikasomwa na yule mpira wa mkonge, kwa furaha ambayo hakujitahidi kuificha. Nilifukie. Si kwa reki, si kwa jembe. Kwa mikono.

Mara niko uwanjani tena, na safari hii uwanja uko mahali pake, nje, umande unang'aa, mashariki pameanza kupauka. Nimepiga magoti kwenye kisanduku cha kushoto. Shimo limekuwa refu kama kisima. Namimina udongo, na kila konzi inaniuliza inapopita: Mbonea, wewe ukipewa namba nne, unaweza kupiga? Nasema naweza. Konzi inayofuata inauliza hilo hilo. Kufika ya thelathini nikasema siwezi. Shimo likajaa papo hapo.

Nikapashindilia kwa viganja. Mbele yangu ikasimama tochi, ndefu kama mtu, imevaa koti la mvua. Nikaiamkia kwa adabu, ikaitika. Nikaipa reki inishikie nikanawe bombani, na nikanong'ona nayo jambo dogo kabla sijaondoka.

Kisha ikalia ngwaa, na hiyo ilikuwa kengele ya kweli ya kuamka.

Nilijikuta kitandani kwangu, shuka mpaka kidevuni. Nikacheka kimoyomoyo. Mipira imekunja nne! Nikanyoosha mkono kujikuna pua, nikaona kucha zangu. Chini ya kila ukucha kuna mstari wa udongo mwekundu, mbichi, bado una unyevu. Nikaurudisha mkono ndani ya shuka kama mtu anayerudisha sahani iliyovunjika kabatini.

Kitanda cha pili Kombora alikuwa anafunga kamba za viatu. Hana miwani. Akasema, bila kunitazama, kwamba ametoka uwanjani sasa hivi kujaribu mguu.

"Pamekaa vizuri," akasema.

Nikamuuliza wapi. Akasema pale. Akasema lile shimo alilikuta Jumatatu, alipochoka kujilaumu na kuamua kupapasa chini kwa mkono, na hakumwambia mtu. Alikaa akiandika barua mbili, moja ya kwenda na moja ya kubaki, akisubiri kuona kama mwenye shimo atalifukia mwenyewe. Ile ya kwenda ameichana dakika tano zilizopita. Ile ya kubaki anaipeleka kwa mkuu wa shule kabla ya gwaride. Na Jumamosi, akasema, kisanduku chake atakisawazisha yule yule wa siku zote.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nimekuwa mchekeshaji wa bweni hili tangu Kidato cha Kwanza, na ulimi una mazoea yake. Nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba sijui anazungumzia nini. Kama kuna mtu aliyefukia shimo, Mungu ambariki, lakini mimi nimelala fofofo tangu saa nne, na hata nilikuwa naota ndoto ndefu ya ajabu.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Mzee Kisiraga, mlinzi wa zamu, koti la mvua mwilini, tochi kwapani, reki mkononi.

"Kijana, nimekusubiri pale mpaka miguu imeniuma," akaniambia. "Umeniamkia vizuri, macho makavu, ukanipa hii nikushikie, unakwenda bombani kunawa. Hukurudi."

Nikasema atakuwa amenifananisha. Bweni zima lilikuwa limeshainua vichwa kutoka kwenye mito, arobaini, nikavihesabu.

"Nikufananishe?" Mzee akaiegemeza reki kwenye kitanda changu. "Si wewe uliyeninong'oneza nisimwambie mtu? Na sijamwambia mtu, mjukuu wangu. Nimemwambia huyu Eliamani tu."

Kombora akageuka.