Nusu ya Sindano

Mimi nina mdomo, sikatai. Wasichana sita wanaonishonea pale mtaa wa Itoku, mjini Abeokuta, wanaujua vizuri, maana nawafokea asubuhi kabla hata hatujawasha mashine. Nashona nguo za watoto tu. Duka langu linaitwa Omolola, na sheria yake kubwa ni moja: sindano ya mashine ikivunjika, uniletee vipande vyote nivibandike kwenye daftari, ndipo upewe mpya. Atakayekosa kipande atakaa nyumbani wiki nzima. Sheria hiyo niliitunga kwa ajili ya watoto, na nilikuwa nikiringa nayo mbele ya wateja.

Jumamosi ile nilikuwa napiga pasi sare za shule, Sikirat akaja kusimama mbele yangu, macho mekundu. Huyo ndiye fundi wangu bora, mama wa watoto wawili, si mtu wa kulia ovyo.

"Anti, naomba usinifokee."

"Umeunguza nini?"

"Juzi sindano ilinivunjikia. Nusu ya juu ninayo. Ncha sikuiona."

"Na mpya uliipata wapi?"

"Nilinunua mwenyewe. Niliogopa kukaa nyumbani."

"Ulikuwa unashona nini?"

Akatazama sakafu. "Agbada ya mtoto wa Ebunola."

Pasi niliiacha palepale juu ya kitambaa, hata leo sijui nani aliiondoa. Joho lile dogo la agbada, lenye bitana nene tuliyoishona mistari kwa mistari, wakati huo lilikuwa mwilini mwa mtoto wa siku nane, kwenye sherehe ya kupewa jina. Nikampigia Ebunola simu mara tano. Nani asikie simu ngoma zikiwa zinalia?

Kwenye pikipiki ya kwenda kwake nilikuwa na hofu mbili, na nitazisema zote mbili. Ya kwanza ilikuwa mtoto. Ya pili ilikuwa mimi mwenyewe. Ebunola, mteja wangu, alimngoja mtoto huyo miaka kumi na mmoja, na ukweni kwake walishasema siku nyingi kuna mtu amemfunga kizazi. Mwaka jana tu, pini ilikutwa ndani ya wigi la mteja wa msusi mmoja mtaani kwetu. Walimwita mchawi, wakavunja kibanda chake, na mpaka leo hajulikani alipo. Sasa mimi niliyepeleka sindano kwenye nguo ya mtoto mchanga, mbele ya ukoo mzima, nani angetaka kusikia habari za daftari?

Nilipofika, mtoto alishaonjeshwa asali na chumvi za baraka. Walikuwa kwenye zamu ya dua: mkubwa mmoja anampokea mtoto, anamkumbatia kifuani, anamwombea na kumtajia jina, kisha anampitisha kwa mwingine. Mtoto alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inakatika.

"Huyu ana pumzi," akasema baba mdogo mmoja. "Mpelekeni stendi akaite abiria."

"Babu yake naye alikuwa hivyohivyo, analia bila sababu," shangazi akajibu, na watu wakacheka.

Sababu nilikuwa naijua. Nilipaswa kusema palepale, kwa mdomo uleule ninaowafokea nao wenzangu. Lakini nikabaki mlangoni nacheka na mimi, huku kichwani natafuta uongo wa kusema. Mtoto akatoka kwa baba mdogo akaenda kwa shangazi. Akatoka kwa shangazi akaenda kwa mzee mmoja mwenye fimbo, na kwa mzee akaenda kwa mama mnene aliyembana kwa mapenzi yote. Watu wanne. Niliwahesabu.

Ndipo nikamsogelea Ebunola. "Mama mtoto, kola imepinda. Nipe dakika moja niirekebishe kabla ya picha."

Akamchukua mwanawe kwa yule mama mnene, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Nani kama wewe, Moradeke?"

Nikaingia naye chumbani, nikapiga komeo. Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu. Mtu gani anajifungia ndani na kichanga cha watu? Lakini hofu haina akili. Nikamvua, nikaanza kuipapasa ile bitana, mpaka kitu kikanichoma kidole, chini ya kwapa la nguo. Ilikuwa ncha, nikaichomoa. Kwenye ubavu wa mtoto palikuwa na alama kadhaa nyekundu, kama ameumwa na kunguni, na moja ilikuwa inatoa damu. Nikalia, tukawa tunalia wote wawili.

Mlango ukagongwa. "Nani amefunga hapa?"

Ilikuwa sauti ya bibi yake mtoto, mama mkwe wa Ebunola. Nikafungua. Akamwona mjukuu wake uchi, akaiona damu, akakiona kilichokuwa kati ya vidole vyangu. Akaurudisha mlango taratibu nyuma yake. Afadhali angepiga yowe.

"Hiyo ni nini?"

Nikapiga magoti, nikaeleza yote bila kupumua: Sikirat, sindano, sheria yangu.

"Ulijua lini?"

"Leo asubuhi, mama. Nimekuja mbio."

"Nilikuona ulipofika. Ulisimama pale unacheka na watu, mjukuu wangu anapita mikono ya watu wanne. Ulikuwa unangoja nini?"

"Niliogopa mtaniita mchawi."

Akamwinua mtoto, akamfunika kwa mtandio wake. Mtoto akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Tungekuita," akasema. "Msichana wako alikuogopa wewe, wewe ukatuogopa sisi, na aliyechomwa ni huyu."

Nje Ebunola alikuwa anauliza kama kola imekaa sawa, maana mpiga picha anasubiri. Bibi akaufungua mlango wote.

"Tangulia. Kawaambie mwenyewe, na hiyo ncha uinyanyue waione."

Ngoma zilinyamaza moja moja walipomwona mtoto hana agbada. Nilifika katikati yao. Ebunola bado alikuwa anatabasamu nilipoinua mkono.