Karibuni

Dada alighairi asubuhi ileile ya safari, kwa sababu shemeji alikataa kubaki na watoto. Nikaenda peke yangu kwenye likizo tuliyoipanga wawili.

"Karibuni," alisema binti wa mapokezi hotelini, akichungulia nyuma yangu.

Niliona haya kusema niko peke yangu. "Asante. Mwenzangu yuko njiani."

Basi mezani nikawekewa sahani mbili. Mhudumu akanitania, "Huyo mwenzako anakuja kwa miguu nini?" Ufukweni nilikaa na mkoba mapajani, nikitazama wengine wakirushiana maji. Sikuoga, maana sikuwa na wa kunishikia mkoba. Kesho yake nikahamia mji wa jirani, nikijiambia kwamba huko nitaoga.

Mama mmoja alikuwa akifagia mchanga mlangoni mwa nyumba ya wageni. "Karibu, mwanangu. Mko wangapi?"

Nilitaka kusema wawili. "Niko peke yangu, mama."

"Afadhali. Huna wa kugombania naye feni."

Nilicheka, na papo hapo machozi yakanilengalenga. Aliegemeza ufagio ukutani. "Nenda kaoge baharini. Lete huo mkoba nikushikie."

Maji yaliponifika kifuani niligeuka. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkoba wangu mapajani, akinitazama mimi tu, kama ambavyo dada angenitazama. Nikampungia mkono. Naye akauinua mkoba juu, nione kwamba bado upo.