Safari ya Kumzuia Priscilla

Kitendawili: hakina miguu, lakini kikishatoka nyumbani kwake wanaume mia hawakirudishi. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, ni neno.

Baba yetu, Gershom, alilitoa lake kanisani Garsen, kiangazi cha mwaka wa hamsini na saba. Mchungaji aliuliza ni mzazi gani atakayemwachia mtoto wake akajitolee mwaka mzima kuuguza wakoma huko Tanganyika, bila mshahara. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kila mchungaji alipovuta pumzi yeye aliitikia "Amina" kuwashinda wote. Akaitikia. Watu wakageuka kumtazama. Mdogo wangu Priscilla, aliyekuwa amejifunza kufunga vidonda zahanati, akasimama machozi yakimtoka, akamshukuru baba mbele ya kanisa zima.

Sasa utasemaje kwamba hukusikiliza? Na Priscilla ndiye aliyekuwa roho ya baba. Mimi nilikwisha kuolewa, na mama si mtu wa maneno mengi. Aliyekaa na baba jioni wakacheka ni Priscilla. Basi baba akatangaza kwamba mtoto hawezi kuvuka mpaka bila kuaga jamaa, toka Kilelengwani hadi Kipini. Jikoni alimwambia mama siri yake: jamaa watalia, watakataa, mtoto atabaki kwa hiari yake, na yeye baba hatakuwa amesema kitu.

Tukapanda lori la Diriye, mfanyabiashara Msomali aliyekuwa akipeleka unga na sukari Kipini. Baba, mama, Priscilla, na mimi na mwanangu mgongoni. Tulivuka mto kwa kivuko cha kamba, sote tukivuta, Priscilla akiimba, baba kanuna. Diriye akamwangalia, akamwuliza, "Mzee, hii safari ni harusi ama matanga? Mimi nataka jua tu, nipige honi ama ninyamaze."

Kilelengwani tulimkuta mjomba Hiribae, kaka yake mama. Baba alimvuta kando, wakanong'ona, na mjomba akaanza vizuri sana. Alilia. Alisema mtoto wa dada yake hatakwenda kufia ugenini. Ila alikuwa akilia huku ameunyosha mguu wake wenye kidonda cha tangu mvua za nyuma, na Priscilla hawezi kuona kidonda akakiacha. Akachemsha maji ya chumvi, akakiosha, akakifunga kitambaa safi. Majirani wakaona. Mpaka alasiri ua ulikuwa umejaa watu wenye majipu na macho mekundu, na mjomba amekaa katikati akiwapanga, akijisifu kwamba huyo ni damu yake na Tanganyika watamjua Mpokomo ni nani. Akampa jogoo wa njiani.

Baba alimfuata nyuma ya nyumba. "Nimekuletea mtoto umkataze."

"Nilitaka, shemeji," mjomba akasema. "Lakini mguu umepoa."

Tumaini likabaki Kipini, kwa bibi Mashavu, mama mzazi wa baba. Bibi huyo hakuwahi kumruhusu mtu kitu. Baba alipokuwa kijana alimkatalia vita, akamkatalia baiskeli, akamkatalia hata ndevu. Tulipofika baba alishuka kwenye lori kabla halijasimama, akabusu mikono ya mama yake na kumweleza yote.

Bibi alisikiliza akisuka ukili wa mkeka. Kisha akauliza kama njiani kuna bahari. Baba akasema ipo, na mawimbi yake si mchezo. Akauliza nani atampikia mtoto. Baba akasema hakuna. Akauliza ana nani wa kufuatana naye.

"Hana hata mmoja, mama," baba akajibu, na nakwambia, alikuwa karibu kucheka.

"Basi peke yake hendi."

Baba akamtazama mama yetu kama mtu aliyeshinda kesi. Bibi akainuka, akakunja mkeka wake, akachukua sufuria na kanga zake mbili.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nafuatana naye. Si umesema mwenyewe hana mtu? Hao wagonjwa nao hawali?"

Baba akaanza kuhesabu sababu: uzee, magoti, meli. Bibi akamkatiza. "Gershom, umezunguka nyumba za watu wote. Wewe mwenyewe ushamwambia asende?"

Diriye, aliyekuwa akishusha magunia, akasimama. Baba akamgeukia Priscilla, akatazama chini.

"Sitaki uende," akasema. "Nyumba itakuwa kimya."

Priscilla akamshika mkono. "Najua, baba. Lakini nataka kwenda."

Baba akambeba jogoo, akabeba na mkeka wa mama yake, akapanda navyo kwenye lori. Alikuwa akifunga mzigo pale juu, bibi akimkemea toka chini kwamba fundo lile litafunguka kabla hatujafika Witu, naye akalifungua, akalifunga upya, akalikaza.