Spoki Yenye Alama Tatu

Pikipiki yangu ni ya Kiingereza, silinda moja, imenizidi umri kwa miaka miwili na ukaidi kwa mingi zaidi. Boliti zake zilipimwa na watu waliokuwa na ugomvi na dunia nzima: spana namba kumi na tatu haiingii, namba kumi na nne inateleza. Kwa hiyo, katika miaka thelathini na minane niliyolinda pampu za maji za mji, nilijifulia zana zangu mwenyewe. Sikusomea. Chuma kilinifundisha kwa kunichoma.

Nati ya klachi naifungua kwa bomba la mguu wa kitanda nililolichonga meno manne kwa tupa, na ndiyo sababu kitanda chetu kililala upande kama mlevi mpaka marehemu mke wangu akakubali kwamba mteremko unasaidia usingizi. Pete ya ekzosi naikaza kwa bapa la jembe. Springi za vali nazibana kwa chuma kilichokuwa bawaba ya geti la shule. Tangu nilipokichukua, utoro uliongezeka na walimu hawakujua kwa nini.

Halafu ipo spoki ya baiskeli. Hiyo ndiyo iliyoniweka hapa nilipo.

Mwezi wa pili upande wangu wa kulia ulikwenda likizo bila kuaga, mkono na mguu. Binti yangu, ambaye ni fundi cherehani, akaja, akatazama nyumba, akanitazama mimi, akasema nahamia kwake ghorofani.

"Lori linakuja Jumamosi saa tatu asubuhi," alisema. "Kitanda kinakwenda, kabati linakwenda, wewe unakwenda. Hilo dude lako halina nafasi. Likiwaka, nitaliendesha mwenyewe nyuma ya lori. Lisipowaka linabaki, na mwenye nyumba ameshasema atawaita watu wa vyuma chakavu."

Kuendesha anajua, nilimfundisha mimi. Na mashine ilikuwa nzima, isipokuwa kwamba wiki moja kabla ya kuugua nilikuwa nimeitoa magneto, ile inayozaa umeme wa cheche, nikaisafisha. Ukishaitoa lazima uirudishe na majira yake. Cheche inatakiwa iruke pistoni ikiwa karibu kufika juu. Ikichelewa, injini inakohoa na haiwaki. Ikiwahi, kiki, kile kikanyagio cha kuwashia, inarudi kwa nguvu na kumpiga anayeikanyaga teke ambalo hata punda angekwenda kulisomea.

Basi Ijumaa mchana nilikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, binti yangu akachuchumaa kwenye injini na sanduku la zana pembeni. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu ulivyokuwa. Alifungua plagi, akateremsha spoki kwenye tundu lake mpaka ikagusa pistoni, akazungusha injini pole pole, spoki ikapanda ikashuka kama inavyotakiwa.

"Sasa," nikasema, "alama ikifika kwenye mdomo wa tundu, hapo hapo unakaza magneto."

Akaisogeza spoki kwenye mwanga. "Alama ipi, Baba? Ziko tatu."

"Ya kati."

Hakukaza. Alinigeukia taratibu. "Nilipokuwa darasa la nne uliniambia ni ya chini."

"Nilikuwa nakutania."

"Na Koleo ulimwambia ya juu. Nilikuwepo."

Koleo ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, fundi baiskeli. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kuwa akishika cha mtu haachii. Zamani alikuwa na mashine pacha ya hii yangu, na kila nikienda zamu alikuwa anaingia bandani kuazima spoki bila kumuuliza mtu. Nikaona nimkomeshe. Nikapiga tupa alama mbili za uongo, moja juu na moja chini ya ile ya kweli. Alipouliza ni ipi, nikamjibu ya juu. Nilitegemea mashine imrushe teke kidogo, aone haya, aache.

Kifundo cha mguu wake wa kulia kiligeuka kikatazama nyuma. Tangu siku hiyo anachechemea, na pikipiki yake akaiuza. Watu walipouliza, nikawahi kuwaambia kwamba aliumwa na mamba. Mji huu hauna mto. Nilieleza kwamba mamba huyo alipita kwenye bomba kuu, nikampima urefu kwa macho kutoka chumba cha pampu. Wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka. Hadithi ikakua, mamba naye akakua, mwisho akawa na jino la dhahabu.

"Mwanangu," nikasema, "leo nasema kweli. Ya kati."

"Hivyo ndivyo ulivyosema kuhusu mamba."

Akafuta mikono, akavuka barabara, akarudi na Koleo na mkongojo wake. Koleo akaishika spoki, akaizungusha vidoleni kama mtu anayekagua sindano ya daktari.

"Baba mdogo," binti yangu akamwambia, "nisaidie. Ni ipi?"

"Ya juu ndiyo hii hapa," akagonga mguu wake kwa mkongojo. "Ya chini niliijaribu siku tatu kabla ya hapo, haikuwaka. Ya kati hajapata kumtajia mtu. Sasa, kitu kinachofichwa miaka yote hiyo, mwanangu, ama ni dhahabu ama ni nyoka."

"Koleo," nikasema, "unajua wazi kwamba imebaki hiyo tu."

"Mimi najua nini? Ningekuwa najua ningekuwa na miguu miwili." Akanitazama bila chuki. "Huenda hata hizo tatu zote ni za uongo. Ungeshindwa?"

Nisingeshindwa, na wote watatu tulilijua hilo.

"Naapa kwa kaburi la mama yako," nikasema.

"Uliliapia na siku ya mamba," akasema binti yangu, "na mama alikuwa hai jikoni, akakusikia."

Nikawaeleza, basi. Nilieleza yote: tupa, alama, jinsi nilivyosimama dirishani nikingoja kucheka, na jinsi nilivyomsikia akipiga ukelele nikachelewa kutoka kwa makusudi ili nisionekane najua. Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu. Koleo alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kama anayesikia bei ya sukari.

"Hadithi nzuri," akasema. "Ila ile ya mamba ilikuwa na mpangilio zaidi."

Binti yangu aliikaza magneto kwenye alama ya kati, akarudisha plagi, akafungua mafuta. Akaweka mguu wa kulia kwenye kiki. Akasimama hivyo. Nikaona anautazama mguu wake.

"Mguu huu ndio unaokanyaga cherehani," akasema. "Unalisha watoto wawili, na kuanzia kesho na wewe."

"Hautaumia."

"Mimi ningekuwa na mguu kama huo," Koleo akasema kwa upole, "nisingeuweka hapo."

Akautoa.

Ningeikanyaga mwenyewe kuonyesha. Nilijaribu. Niliinuka, nikashika usukani kwa mkono mmoja, na mguu wangu ukaning'inia juu ya kiki kama suruali kwenye kamba. Binti yangu akanishika kwapani akanirudisha kitini. Tukajaribu kuisukuma, maana yake, alisukuma yeye peke yake huku mimi na Koleo tukitoa maelekezo. Barabara yetu ni mchanga mtupu. Kila alipoachia klachi, gurudumu la nyuma lilikwama na kuburuzika, likachora mfereji mrefu. Akaketi ukingoni akihema. Watu watatu, mashine moja, na mguu mmoja tu wa kulia ulio mzima, nao haukuwa tayari kuniamini.

Jumamosi lori lilifika saa tatu kasoro. Koleo alikuja kutuaga, akasaidia hata kushika mlango. Sanduku la zana lilikuwa magotini pangu.

"Jirani, hayo makorokoro utayapeleka ghorofani ukafungulie nini?" aliuliza. "Niachie. Angalau yakae karibu na mashine yao mpaka hao wa vyuma chakavu waje."

Binti yangu alinitazama, akangoja. Nikampa: mguu wa kitanda, jembe, bawaba, spoki. Akapokea kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

Lori likaondoka. Nilikaa katikati, kati ya dereva na binti yangu, blanketi miguuni. Tulikuwa tumefika kwenye kona, dereva anasubiri gari kubwa lipite, ndipo nikasikia mkohozo mmoja nyuma yetu. Wa pili. Kisha mlio ukapanda, ukashuka, ukatulia kwenye ule mdundo wa taratibu, kama mtu mnene anayepanda ngazi bila haraka.

"Simamisha," nikamwambia dereva.

"Hapa siruhusiwi, mzee."

"Ile ni yangu. Imewaka. Mwanangu, sikiliza, ni ya kati, imewaka kiki ya pili."

Binti yangu alisikiliza, kwa haki. "Baba, mji umejaa pikipiki."

"Ni Koleo anaiwasha."

"Kwa mguu gani?"

Ndipo nilipokumbuka. Mguu mbovu wa Koleo ni wa kulia. Ukisimama pembeni mwa mashine na kuegemea mkongojo, kiki inakanyagika vizuri tu kwa wa kushoto. Na wa kushoto, katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuuliza habari zake. Jana wote tulimkodolea ule aliougonga kwa mkongojo.

Nilimweleza binti yangu hivyo hivyo, kituo kwa kituo, bila kuongeza hata mkia. Akanivutia blanketi likafunika goti vizuri.

"Na mamba je," akauliza, "yeye amepanda nyuma?"

Dereva akacheka. Gari kubwa likapita, lori letu likakata kona.