Njia ya Mama Kache

Gedion alikuwa ameapa kwa maandishi mahakamani kwamba kiwanja chake cha Chaani hakikuwahi kupitwa na njia. Ukuta alioujenga ulimlazimu jirani yake wa nyuma, Mama Kache, kuzungukia mtaro wa maji machafu ndipo aifikie barabara, na mama huyo akamshtaki.

Hakimu hakutosheka na karatasi. Alikuja mwenyewe kupaona mahali, majirani wakakusanyika kando ya ukuta.

"Njia hii umeitumia tangu lini?" alimuuliza Mama Kache.

"Tangu niolewe hapa, mheshimiwa. Hata mkewe huyu bwana aliposhikwa na uchungu, gari halikuweza kuingia. Tulimbeba kwa kitanda tukampitisha papa hapa."

Hakimu akamgeukia Gedion. "Ni kweli?"

Kabla Gedion hajajibu, mkewe, Dorothy, alisema polepole nyuma yake, "Ni kweli, mheshimiwa. Naye mwenyewe alishika kitanda upande wa miguu."

Uso ulimwiva Gedion. Alitamani ardhi ile ile aliyoigombania immeze.

Mwezi uliofuata hukumu ilitoka: Mama Kache ana haki ya kupita, na ukuta ubomolewe upana wa futi sita. Gedion hakuita fundi. Aliubomoa kwa mikono yake, jiwe baada ya jiwe, akiwapa watu mgongo.

Mama Kache alipopita mara ya kwanza, alimsalimu kama zamani. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo," aliitikia Gedion, lakini macho hakuthubutu kuyainua.