Muthoka Anabaki

Kila Juni ligi ya kaunti inapofungwa, mashabiki wa Kwari FC hukutana kwa Kahiga, kinyozi wa Gatongora, Jumapili baada ya ibada, kuamua nani abaki na nani aende. Hakuna katiba iliyowapa kazi hiyo. Kahiga huishusha kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika nyuma yake majina ya wachezaji wote kwa kalamu nene. Kila jina likishajadiliwa huandikiwa neno moja kati ya mawili: anabaki, au anaenda. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Gachanja, huja siku hiyohiyo kunyolewa ndevu. Hukaa kwenye kiti amefumba macho na kusikiliza. Mara nyingi hufuata walichosema, kwa kuwa mchezaji akifukuzwa na mashabiki, mwenyekiti hana lawama.

Mwaka huu walianza na wachezaji wa akiba, maana hapo ndipo palipouma. Kufikia Machi timu ilikuwa imeongoza mechi tisa hadi dakika ya sabini, na kati ya hizo ilishinda mbili tu. Dakika ya sabini wale wa mwanzo huwa wamekwisha, kwa sababu wengi wao huchonga mawe machimboni tangu Jumatatu. Nao wa akiba walikuwa wakiingia kama wageni waliokosea harusi.

“Mwau aende,” alisema Becky, ambaye huuza mayai ya kuchemsha uwanjani na ndiye katibu wa mashabiki. “Dakika ya themanini ashashika kiuno. Haki mimi nimechoka kuona huyo mtu akishika kiuno.”

“Na akienda, nani anacheza left?” aliuliza Irshad. Irshad huuza vifuniko vya simu karibu na stesheni ya Ruiru, na anakumbuka matokeo yote tangu klabu ianzishwe. “Shida si Mwau. Shida ni kocha kumwingiza wakati tumeshalemewa. Nyumba inaungua, unaitisha mtu wa kupaka rangi?”

“Wewe Irshad unatetea kila mtu. Ndiyo maana tuko nambari kumi na moja.”

Walibishana saa nzima. Mwau akaandikiwa anaenda. Kipa wa pili akaandikiwa anaenda, akatukanwa kidogo, ingawa alikuwa shemeji yake Kahiga. Kisha wakafika jina la kumi na nne, Muthoka. Hapo Kahiga hakungoja mjadala. Aliandika anabaki, akalipigia mstari chini.

Muthoka alikuwa amekufa tangu Machi.

Alikuwa beki wa akiba, kijana wa Gitothua wa miaka ishirini na minne, mchonga mawe kama wenzake. Mwezi wa Desemba alikuwa ameomba barua ya kuachiliwa, kwa kuwa timu moja ya Thika ilimtaka na ilikuwa na kazi ya kumpa, kazi ya kivulini. Katika ligi hizi mchezaji asiye na barua yenye sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa klabu haendi popote. Kadi yake ni ya klabu, na yeye vilevile. Bwana Gachanja alimwambia asubiri msimu uishe. Jumamosi moja ya Machi aligongana kichwa na mshambuliaji, akalala chini. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji moja na chupa ya maji baridi. Mwenyekiti alisema amwagiwe maji, akamwagiwa, akaamka, akacheza hadi filimbi ya mwisho. Jumapili alitapika. Jumanne alifariki. Walimzika Matuu, kwenye shamba la marehemu baba yake, na klabu ikatuma shada la maua.

Jumamosi iliyofuata alifika uwanjani saa saba, muda wake wa kawaida, akiwa na udongo mwekundu kwenye nywele. Alivaa jezi, akaketi mwisho wa benchi. Kocha alihesabu wachezaji, akapata idadi kamili, akaridhika. Refa alitazama kadi, akamtazama usoni, akaona vinafanana. Timu ya upande wa pili ililalamika kwa katibu wa ligi, naye akasoma kanuni zote kwa simu, sauti ikiwa juu ili kila mtu asikie. Mchezaji sharti awe amesajiliwa, awe na picha, na awe mali ya klabu moja hadi atakapoachiliwa kwa maandishi. Kuhusu kupumua hapakuwa na kifungu.

Dakika ya sabini aliingia, na mpira haukupita tena. Mshambuliaji akimkaribia alihisi baridi magotini, akautoa mpira mwenyewe. Kwari FC ilishinda moja bila. Ikacheza mechi kumi na moja zilizobaki bila kupoteza hata moja iliyoongoza. Mashabiki wakamtungia wimbo. Alipokuwa hai walimwita Gogo, na wengine walimtupia maganda ya mayai. Sasa walimpenda, na siwezi kusema walikuwa wanadanganya.

Kahiga alikuwa bado ameshika kalamu, na Bwana Gachanja yuko kwenye kiti na povu kidevuni, wakati Mama Muthoka alipoingia. Jina lake ni Katunge. Huuza sukuma wiki na vitunguu Gitothua, na hakuwa amewahi kukanyaga kwa kinyozi. Kahiga alimpisha kwenye benchi la wateja. Becky alimpa yai, akamwekea na kachumbari.

“Nimesikia leo mnaandika wenye wanaenda,” alisema Katunge. “Nimekuja juu ya kijana yangu.”

“Mama, hiyo usijali kabisa,” Kahiga alimwambia. “Ashabaki. Hata hatukubishana.”

“Nataka aende.”

Kahiga alifunika kalamu. Katunge akawaeleza, bila kupandisha sauti, jinsi mambo yalivyokuwa. Kila Alhamisi kaburi hufunguka, na kila Jumatatu Nzioki, shemeji yake aliyebaki kwenye lile shamba la Matuu, hulifukia tena. Udongo umevurugwa hadi umekuwa laini kama unga, na mvua ikinyesha unaondoka. Muthoka hutembea kwa miguu kutoka Matuu, akapita Thika, akafika Ruiru, kisha baada ya mechi hupitia nyumbani Gitothua. Huketi mezani. Hali. Husema amechoka.

“Akiwa hai alitoka kwa mawe na hakuwahi sema amechoka,” alisema. “Wafu wa wengine wanapumzika. Wangu ako na fixture kila Jumamosi.”

Irshad alitazama viatu vyake. Becky alisema pole, na alimaanisha.

“Lakini mama,” Kahiga akasema, “tukisema aende si ni kama tunamtukana? Huyo ndiye mchezaji wetu mzuri zaidi.”

Katunge alikuwa amejiandaa kwa neno hilo. Aliweka yai chini bila kuliuma, akaanza kumponda mwanawe. Alisema hajui mpira. Alisema mguu wake wa kushoto ni wa kusimamia tu. Alisema akipiga kichwa hufumba macho, na kwamba tangu shule ya msingi huogopa kuteleza chini kwa sababu ya kovu la goti. Alisema mwaka juzi, Githurai 45, alijifunga bao na kuwaharibia sikukuu watu wazima. Kila alichosema kilikuwa kweli, kwa kuwa hakuna mechi ya Muthoka ambayo hakuihudhuria. Na kila alichosema kilimuumiza. Mama aliyemsifu mwanawe miaka ishirini na minne alikuwa sasa anatafuta maneno ya kumfukuzisha.

Kosa lake ni kwamba alikwenda kumponda mchezaji mbele ya mashabiki. Shabiki hawezi kuacha uchambuzi mbaya upite hivihivi.

“Hiyo ya Githurai mpira uligonga refa kwanza,” alisema Irshad, kabla hajajizuia.

“Na kufumba macho ilikuwa zamani,” Becky aliongeza. “Siku hizi hafumbi. Kwanza hapepesi hata.”

Kahiga alipanga chupa za mafuta ya nywele kwenye kaunta kuwa washambuliaji, akachukua kitana kuwa Muthoka, akaonyesha vile alivyoifunga njia katika mechi ya mwisho. Alionyesha mara mbili. Katunge alijibu kwamba kitana kilisimama mahali ambapo Muthoka hangesimama, na kwa kusema hivyo akawapa nafasi ya kumjibu. Wakamrekebisha, wakamkumbusha, wakamtajia mechi moja moja. Walimtetea mwanawe kwa moto ambao angefurahi sana kuusikia mwaka uliopita. Baada ya nusu saa walikuwa wameshinda, na nyuso zao ziling'aa, wakamtazama kana kwamba wamempa zawadi.

Ndipo akamgeukia Bwana Gachanja, ambaye povu lilikuwa limemkaukia kidevuni.

“Bwana Gachanja, ni sahihi moja tu.”

Mwenyekiti alifungua macho. “Mama, mimi ningesaini hata leo. Lakini si umewasikia? Timu ni ya mashabiki. Na halafu release ni ya kutoka club moja kwenda club ingine. Lazima niandike anaenda wapi. Sasa huyo nitaandika anaenda wapi?”

Katunge alilichukua lile yai, akamrudishia Becky.

“Mimi nasema aende,” alisema Irshad. Becky, kwa kuwa ni katibu mwaminifu, aliandika pembeni mwa kalenda kwamba mmoja alipinga. Kahiga akafunua kalamu, akaendelea na jina la kumi na tano.

Julai na Agosti hapakuwa na mechi. Katunge alimwachia jirani kibanda chake, akaenda Matuu. Kaburi lilitulia. Wiki ya tatu udongo ulishikana, na wiki ya tano majani yakaanza kuota juu yake, machache, ya kijani kibichi. Katunge alikuwa akiyamwagilia maji asubuhi, akikaa hapo kumenya kunde, na Nzioki akasema ndiyo mara ya kwanza tangu Machi kumsikia shemeji yake akicheka. Septemba ligi ikatoa ratiba. Alhamisi ya wiki ile ile majani yalilala upande, na udongo ukafunguka.

Katunge alirudi Gitothua, akamngoja mwanawe nyumbani. Muthoka aliingia Jumamosi asubuhi, akasalimu, akaketi.

“Mwanangu, wewe mwenyewe unataka kuenda?”

“Chairman alisema aje?”

“Alisema unabaki.”

“Basi,” alisema Muthoka, akainama kufunga kamba za viatu.

Alikuwa mtiifu tangu utotoni. Walimu walimsifu kwa hilo, kanisa likamsifu, na msimamizi wa machimboni akamsifu zaidi ya wote. Ningependa kujua nani alifaidika na utii huo, maana si yeye. Katunge alijilaumu, kwa kuwa ndiye aliyemfunza.

“Kama ni hivyo, cheza vibaya,” alimwambia. “Waache wafunge. Watakuchoka wenyewe.”

“Nilishajaribu, mama. Nikiuacha, mpira unakuja tu.”

Mchana Kwari FC ilicheza na timu ya Juja, na kufikia dakika ya sabini ilikuwa inaongoza moja bila. Kocha hakuhitaji kumwita. Muthoka alivua koti, akaingia, na uwanja wote ukasimama kumwimbia. Katunge alitembea hadi kwenye mstari, akaweka viganja mdomoni, akapiga kelele.

“Mtoeni huyo! Hajui kitu! Mtoeni!”

Sauti yake ilikuwa peke yake. Mashabiki waliimba kwa nguvu zaidi ili isimfikie mchezaji wao, nao walifanya hivyo kwa upendo. Alipiga kelele dakika ishirini. Alimwita Gogo. Alimwita mzigo, akamwita mzee wa miguu miwili ya kushoto, na mwisho sauti ikakatika, ikabaki pumzi tu. Ndani ya uwanja Muthoka alitoa mpira mara saba, na mara zote saba hakuukimbilia. Irshad, aliyekuwa nyuma ya goli, hakuimba, lakini pia hakumsaidia kupiga kelele.

Filimbi ilipolia, Becky alimwona Mama Muthoka akilia, akawaambia wenzake kwamba furaha imemzidi. Wakamwinua mabegani. Wakamzungusha uwanja mzima, mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye aproni ya sokoni, na Bwana Gachanja akampigia makofi kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. Walipomshusha walimwambia tangu leo yeye ni mama wa timu.

Watu walitawanyika. Kocha alipita kwenye benchi akawaambia wachezaji kwamba ligi imeongeza mechi ya Jumatano, kwa sababu ratiba ya msimu huu imebana. Muthoka alihesabu siku kwa vidole: siku mbili kwenda Matuu, siku mbili kurudi, na ya kulala hakuna. Alihesabu tena kuanzia mwanzo. Kisha akaketi mwisho wa benchi, akaweka mikono magotini, kungoja Jumatano.

“Enda nyumbani, mama,” alisema. “Mimi niko sawa.”

Katunge alivua aproni, akamfunika nayo mabega, akaketi kando yake.